Nyasi za Mama na Marumaru ya Kaka

Nina hasira, na ninaomba msomaji asihangaike kunituliza. Wameshajaribu wengi. Mume wangu amejaribu, mchungaji wetu amejaribu, na mteja mmoja aliyeleta gauni nimpunguzie kiuno aliondoka na gauni lake vilevile, kwa kuwa nilikuwa namsimulia huku nikitikisa mkasi mbele ya pua yake. Hasira yenyewe ni ya sakafu. Usicheke. Wako watu waliogombania mipaka ya mashamba, wako waliogombania wanaume. Mimi na kaka yangu tumegombania sakafu, na kwa sauti niliyoitoa siku ile naamini Uganda walifunga madirisha.

Mama yetu anaishi Kishanda, wilaya ya Muleba, ndani ya kibanja cha migomba na mibuni alichoachiwa na baba. Nyumba ni ya kawaida, matofali ya udongo na bati juu, lakini sebuleni kwake hapakuwa na saruji, zulia wala mkeka. Palikuwa na nyasi. Mtu wa mbali akisikia hivyo anafikiria zizi la ng'ombe, na hapo damu yangu huanza kuchemka hata kabla sijafika kwa kaka. Nyasi za mama hazikumwagwa. Zilitandikwa. Alizikata mwenyewe kule rweya, uwanda wa majani ulio nje ya vibanja vyetu, akazianika zikanyauka kidogo, akazipanga kwa urefu kama mimi ninavyopanga nyuzi zangu za cherehani kwa rangi. Kisha alipiga magoti kwenye ukuta wa ndani kabisa, akatandika akirudi kinyumenyume. Ncha laini zote zilitazama ndani, na kila safu mpya ilifunika mikato ya safu iliyotangulia, mpaka akafika mlangoni, safu ya mwisho akaikunja na kuibana chini ya kizingiti. Ukisimama mlangoni asubuhi, jua likiingia kutoka nyuma yako, unaona nyasi zote zimelala upande mmoja kama manyoya ya paka aliyetoka kulambwa na mama yake. Sijaona kanisa lililonisimamisha mlangoni namna hiyo, na mimi nimesimama kwenye milango ya makanisa mengi, hasa wakati wa sadaka.

Tulipokuwa wadogo tulijilaza pale tukisubiri ndizi ziive, tukaamka na mistari ya nyasi mashavuni. Tulijua nani kalala upande gani kwa kumtazama uso tu. Na kwa kuwa sisi kwetu mwanamke husalimia kwa kupiga magoti, nyasi zile zilipokea magoti ya ukoo mzima, wa mama, wa bibi, wa kila jirani aliyepita kuomba chumvi. Ushonaji mimi sikufundishwa na mtu wa cherehani. Mstari ulionyooka niliujua kwanza pale chini, kwa shavu.

Sasa, macho ya mama. Yaliingiwa na mtoto wa jicho taratibu, kama ukungu wa asubuhi unavyopanda kutoka ziwani, mpaka akawa anatutambua kwa sauti na kwa hatua. Hakuacha kutandika. Alipapasa. Vidole vyake vilipita juu ya nyasi kama vinasoma, na kila alipomaliza aliuliza, "Zimenyooka?"

Kaka alijibu, "Zimenyooka, Mae," yaani mama, kwa kwetu. Alijibu huku anatazama simu. Sijawahi, nasema sijawahi, kumwona akiinua macho kutazama alichokuwa anakisifu.

Mimi nilimwambia ukweli. "Upande wa dirisha zinakwenda kombo, Mae. Kama zinataka kuchungulia nje."

Mama alicheka. "Wewe nawe unatia chumvi. Ukisema kombo huenda ni jani moja. Ukisema mafuriko huenda ni kikombe kimeanguka. Yule ananidanganya kwa uvivu, wewe unanidanganya kwa furaha. Nitamwamini nani katika nyumba hii?"

Hakuwa na wa kumwamini, ndiyo shida. Kwa hiyo ilipopatikana nafasi ya upasuaji wa macho mjini Bukoba, mama alifanya jambo moja kabla ya kuja kwangu Buhembe, mjini humohumo. Alikata nyasi mpya, akatandika sebule yote kwa vidole, akafunga mlango kwa ufunguo. Ufunguo alimkabidhi kaka, kwa kuwa kaka ndiye mkubwa na anaishi karibu, Muleba mjini, ambako ana duka la vifaa vya ujenzi.

"Mtu asikanyage," alimwambia. "Nikirudi nataka nizione mwenyewe. Nijue nilikuwa natandika nini miaka yote hii."

Kaka akasema, "Sawa, Mae." Nadhani alikuwa anatazama simu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Jicho la kwanza, kisha la pili, na bandeji zilipokwisha kutoka mama akawa mtu wa hatari ndani ya nyumba yangu. Aliona kila kitu. Aliona kwamba kikombe ninachompa mume wangu kina ua dogo la bluu upande wa mkono, ua ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona tangu siku tulipopewa vikombe vile vya harusi. Aliona kwamba mwanangu wa mwisho akicheka sikio moja hutikisika. Alikaa dirishani akitazama mvuke wa chai unavyopinda ukikutana na hewa ya nje, na usipomwondolea kikombe Pasaka ingeweza kumkuta pale.

"Na wewe umezeeka lini?" aliniuliza siku moja.

"Mae!"

"Nakuuliza. Nilikuacha msichana."

"Uliniacha msichana, nikasoma masomo ya jioni, nikapata cheti cha kidato cha nne nikiwa na umri wa kumzaa mwalimu. Hizi mvi ni za hisabati."

Alinishika kichwa, akachagua unywele mmoja mweupe, akauangalia kwenye mwanga kama mtu anayechagua kitambaa. "Mzuri," akasema. "Unang'aa." Akaurudisha mahali pake, hakuung'oa.

Daktari alikuwa amemkataza kuinama na kubeba vitu mpaka apone sawasawa, kwa hiyo alikaa nasi wiki nyingi. Na kila siku, usiponiamini muulize jirani, alizungumzia ile sebule iliyofungwa. Je, zile safu za karibu na mlango zilikaa vizuri? Je, pale kwenye kona alipopunguza? Alikuwa kama mtu aliyefanya mtihani akangoja matokeo. Mimi najua kungoja matokeo.

Siku chache kabla ya safari ya kurudi, kaka alinipigia simu. Nilikuwa kwenye cherehani.

"Usimwambie mama," akaanza, na sauti yake ilikuwa na sukari. "Nimemwandalia zawadi. Akirudi na macho mapya, anakuta sebule mpya. Nimeweka marumaru! Meupe, makubwa, yanang'aa hata taa huhitaji."

Nilisimamisha cherehani. "Umeweka wapi?"

"Sebuleni, wapi tena? Mafundi wamemaliza jana. Saruji chini, marumaru juu. Mama wa watu anaishi kama mbuzi, na mimi nauza marumaru. Watu wananicheka."

"Na nyasi?"

"Nyasi gani?"

"Nyasi zilizokuwa ndani, kaka. Zile ulizopewa ufunguo wake."

"Aaa, zile. Mafundi walizitupa migombani. Si mbolea hiyo? Wewe, mbona unapumua hivyo?"

Nilikuwa sipumui, nilikuwa navuta hewa ya kutosha. Nilimwambia mambo ambayo hapa sitayaandika kwa kuwa kitabu hiki huenda kikasomwa na wajukuu. Nilimwambia kwamba mama aliomba kitu kimoja tu duniani, asikanyagiwe. Yeye akaniambia nimepata cheti cha jioni najiona profesa. Nikamwambia akipenda marumaru namna hiyo aende akalale juu yake kifudifudi. Akakata simu. Nikampigia. Hakupokea. Nikampigia tena mpaka simu yangu ikawa ya moto kama pasi.

Nilidhamiria kumwambia mama papo hapo. Nilikwenda uani nikamkuta ameketi na nyasi chache mkononi, sijui alizichuma wapi, anazipanga juu ya paja lake, ncha kwa ncha. Akaniinulia uso na yale macho mapya. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, nikamuuliza kama atakunywa chai.

Kaka alikuja kutuchukua na gari lake. Hakuniangalia, sikumwangalia. Tulisimama Kemondo kununua samaki wa kukaanga, na mama akashuka akasimama akitazama ziwa, leso yake ikipepea. "Kumbe halina rangi moja," akasema. "Kule ni bluu, hapa ni kama majani ya mgomba." Njia nzima alitaja alivyoviona. Ng'ombe mwenye pembe moja, mwanamke aliyefunga kitenge cha njano, mibuni imechanua. Kaka alicheka naye kwa raha kabisa, kama mtu asiye na dhambi. Mimi nyuma nilikaa na mfuko wa samaki mapajani, nikawa nasaga meno mpaka nadhani nimepunguza mawili.

Tulifika mchana. Mama alivua viatu nje kama alivyovua maisha yake yote, akashika fremu ya mlango, akasubiri kaka afungue. Kaka akafungua kwa mikono miwili, kama pazia la harusi.

Mama hakuingia. Alitazama chini. Jua lilikuwa limeingia ndani na sakafu yote inameremeta.

"Nani amemwaga maji?" akauliza.

"Mae, siyo maji—" kaka akaanza.

"Yamejaa mpaka ukutani! Ondoeni viti, vitaoza!" Akarudi nyuma, akakusanya sketi yake isilowe.

"Ni marumaru, Mae," kaka akasema. "Nimekuwekea. Kavu kabisa. Tazama." Akaingia. Na viatu vyake. Akatembea mpaka katikati ya sebule, akapiga kisigino chini, kikalia ko, ko, ko.

Mama alimtazama viatuni. Nilimwona alivyomtazama. Kwa mara ya kwanza tangu apate macho, nilitamani asingeyapata.

Jirani wa upande wa chini alikuwa ameona gari, akaja haraka kumpa pole na hongera. Ni mama mzima, mnene, mwenye heshima zake. Akaingia, akapiga magoti kusalimia kama siku zote, kwa uzito wake wote, na goti likakutana na marumaru. "Mawe!" akalia kwa kwetu, yaani mama wee, akabaki ameshikilia meza. Hakuweza kumaliza salamu. Kaka akamwinua akisema atazoea. Atazoea! Magoti ya watu wazima yazoee sakafu ya duka lake!

"Na nyasi zangu ziko wapi?" mama akauliza taratibu.

Nilijibu mimi. "Migombani, Mae."

Alikwenda mwenyewe, peku. Tulimfuata. Zilikuwa nyuma ya jiko, chini ya migomba, rundo lililovurugika, zimenyeshewa, zimechanganyika na vipande vya saruji na mfuko mtupu. Mama alichuchumaa. Alivuta jani moja, akalinyoosha, akalilaza. Akavuta jingine. Kisha akaacha, kwa kuwa rundo halikumbuki lilivyokuwa limelala.

"Zilikuwa zimenyooka?" akauliza.

"Zilikuwa zimenyooka, Mae," akasema kaka. Haraka, kama siku zote.

Akanigeukia mimi. Na hapo, msomaji, ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema zilikuwa kama zulia la ikulu. Lakini nilikuwa sijaziona. Aliyekuwa na ufunguo ni mwingine.

"Mimi sijui, Mae," nikasema. "Muulize huyu vizuri. Kaka, ulipofungua mlango ulitazama?"

"Sasa mimi nina muda wa kutazama nyasi? Niliwapa mafundi ufunguo."

Kwa hiyo wamezitazama mafundi. Watu tusiowajua, na mabuti yao, ndio pekee duniani walioona sakafu ambayo mama yangu aliitandika gizani ili aje kuiona kwenye mwanga. Hapo ndipo nilipotoa ile sauti niliyoitaja mwanzoni. Sikumbuki maneno yote. Nakumbuka kuku wa jirani walikimbia. Nakumbuka nilimwambia kwamba zawadi ni kitu mtu anachokitaka, na kwamba yeye hakuwahi kumpa mama jibu hata moja lililotoka machoni, na sasa amemchukulia hata swali. Kaka naye alipiga kelele, kwamba amejenga, kwamba ametumia, kwamba sisi watu wa Bukoba tunapenda umaskini wa wenzetu kwa kuwa tunautembelea tu. Hilo la mwisho liliniuma kwa sababu lina ukweli kidogo, na lilinizidishia hasira badala ya kuipunguza. Mimi sikuwa nakata nyasi. Lakini wala sikuzitupa!

"Basi," mama akasema. Hakupaza sauti. "Tata, nipeleke rweya." Humwita kaka hivyo, tata, baba, kama akina mama wa kwetu wanavyowabembeleza watoto wao wa kiume, na mimi nilichukia hata hilo bembelezo.

Kaka akawa mdogo ghafla. "Rweya ipi, Mae?"

Nikacheka, kicheko kibaya. Kwa maana ile rweya ambayo mama alikata nyasi tangu alipoolewa, sehemu kubwa kaka ameshaichukua na kupanda misonobari. Miaka hiyo tulimpigia makofi. Chini ya misonobari haioti nyasi, ni sindano kavu tu za miti, zinachoma miguu. Mama hakuwa ameona hilo. Nyasi zake za mwisho alizikata ukingoni kwa kupapasa, akifikiri zilizobaki zipo mbele yake kama zamani.

Tulipofika alisimama kwenye mstari wa miti akatazama ndani, mahali palipo kimya na pekundu. Alitembea kandokando mpaka kwenye ukanda mwembamba ulioachwa bila miti ili moto usirukie, na huko zilikuwapo, ndefu, zinainama kwa upepo. Nilikata mimi. Alisimama akionyesha hizi, siyo hizo, hizo zina mbegu. Kaka alibeba mzigo mpaka kwenye gari, suti yake ikajaa vipande vya nyasi, na sikumpangusa.

Sebuleni nyasi zilikataa. Mama alijaribu safu moja, akaikanyaga, ikateleza yote pamoja kama samaki kwenye beseni. Marumaru hayashiki kitu. Akaziokota, akazipeleka kwenye jiko la nje, chumba pekee kilichobakia na sakafu ya udongo, ambako siku ile moto tuliuwasha nje ili moshi usimguse machoni.

Alipiga magoti ukutani akaanza. Na mimi, niliyesimama mlangoni na hasira zangu zote, niliona kitu ambacho mpaka leo nikikifikiria mkono wangu husimama juu ya kitambaa. Safu ya kwanza ilikwenda kombo. Ya pili nayo. Aliitazama, akairekebisha, ikaharibika zaidi, akasonya. Kisha akafumba macho. Akavifumba vile vitu ambavyo tumevihangaikia wiki zote zile, akaachia vidole. Na safu zikaanza kulala, moja juu ya nyingine, ncha ndani, mkato chini, akirudi kinyumenyume taratibu kuelekea mlangoni, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza wimbo chumba cha pili. Nilisogea apite. Akabana safu ya mwisho kwenye kizingiti, akainuka akijishika kiuno, akageuka kuelekea ndani.

Akafumbua.

Alitazama kwa muda mrefu. Mwanga wa alasiri ulikuwa unaingia kwa chini, kila jani lina kivuli chake chembamba. Karibu na mafiga palikuwa na jani moja limechomoza. Aliliona, niliona amelihesabu, akaliacha.

Kaka alikuwa amekuja nyuma yetu, simu mkononi, anasoma kitu. Alihisi kimya, akadhani ameulizwa.

"Zimenyooka, Mae," akasema.

"Sijakuuliza," mama akamjibu, bila kugeuka. "Siku hizi naona mwenyewe."